NERIS: rivyu ya fomu mpya ya zimamoto wa Marekani, kutoka kwa mtu anayeijaza saa tisa usiku

Wadau salaam. Hii nimeiahidi muda mrefu nikawa napiga danadana, leo zamu imepoa, chai ya tangawizi iko mezani, acha niandike. Mmezoea rivyu za simu na friji na mgahawa wa pilau, mimi leo nawaletea rivyu ya fomu. Ndio, fomu. Msikimbie kwanza.

Kwa wasionijua, mimi mtoto wa Tanga, niko Marekani miaka kadhaa sasa, mchana niko ghalani napakia maboksi kama wenzangu wengi, jioni na wikiendi ni zimamoto wa kujitolea kwenye kikosi kidogo cha mji mdogo ambao siutaji. Na hapo msishangae, huku vikosi vingi vya zimamoto ni vya kujitolea, fundi bomba yumo, mwalimu yumo, muuza duka yumo, peja ikilia mtu anaacha ugali (sawa, anaacha pizza) anakimbia kituoni. Nilipojiunga wakagundua naweza kutumia kompyuta bila kuiogopa, basi wakanitupia ripoti zote. Chifu, yaani mkuu wa kikosi, alinipa faili, akanipa paswedi kwenye kikaratasi, akaniambia "this is yours now", na tangu siku hiyo kila tukio likiisha wenzangu wanaosha mipira ya maji na gari, mimi naenda kukaa mbele ya skrini na soksi zimelowa.

Vikosi vingi huku vikitoka, hata kama ni kumwinua bibi aliyeteleza bafuni, vinaandika ripoti. Ripoti zinakusanywa kitaifa, ofisi inayosimamia ni U.S. Fire Administration, makao yake yako Emmitsburg, Maryland. Mfumo wa zamani uliitwa NFIRS, wenyewe wanatamka "enfaiazi". Chimbuko lake ni miaka ya 1970, tume ya kitaifa ilitoa ripoti mwaka 1973 ikisema nchi inaungua na hakuna mwenye takwimu za maana, 1974 ikaja sheria, na mfumo ukafuata muda si mrefu. Toleo ambalo mimi nimelikuta, la 5.0, ni la mwaka 1999. Fikiria mwenyewe 1999 ulikuwa unatumia simu gani, kama ulikuwa nayo. Mpaka juzi juzi nchi ya kupeleka watu mwezini ilikuwa inahesabu moto kwa fomu ya umri huo.

NFIRS ilikuwa namba. Kila tukio lina namba yake ya tarakimu tatu na ukikaa nayo unazikariri kama tebo ya kuzidisha. 111 jengo linaungua. 113 chungu kimeungulia jikoni, moto haukutoka nje ya sufuria. 322 ajali ya gari yenye majeruhi. 554 kumsaidia mtu asiyejiweza, ndio yule bibi wa bafuni. 611 mmeitwa mkageuzwa njiani. 745 alamu imelia yenyewe hakuna moto hakuna nini. Kituoni kwetu tulifika hatua ya kuongea kwa namba, mtu anauliza usiku mmelala? anajibiwa "faivu fifti foo mbili na sikisi ileven moja", basi kila mtu ameelewa kwamba hamjalala.

Tatizo la namba ni kwamba tukio moja lilikuwa linapata namba moja tu. Sasa chukua tukio la kawaida kabisa la barabarani: gari limegonga nguzo ya umeme, waya umelala chini unachezacheza, mbele ya gari panawaka, dereva kavunjika mguu. Hiyo ni ajali yenye majeruhi, ni waya wa umeme chini, ni gari linaungua, vitatu kwa mpigo. Kwenye NFIRS kanuni ya jumla ilikuwa unachukua kundi lenye namba ndogo, kwa hiyo panapowaka panashinda, unaandika 131 gari limeungua, na mguu wa yule dereva na waya vinakwenda kukaa kwenye maelezo ya chini ambayo sisi tunayasoma wenyewe na huko juu hakuna kompyuta inayoyahesabu. Unamaliza kuandika unaona umeandika kitu cha kweli lakini sio kilichotokea.

Ndio ikaja NERIS, mfumo mpya wa ripoti. Imetengenezwa na hao hao U.S. Fire Administration, pamoja na kitengo cha sayansi cha wizara yao ya usalama wa ndani, na taasisi ya utafiti wa moto inaitwa Fire Safety Research Institute, ambao ni watu wale wanaochoma nyumba kwa makusudi wakiwa na vipimo kila kona ili wajue moto unatembeaje. Mpango ulitangazwa 2023, vikosi vya kwanza vikaanza kuingia mwishoni mwa 2024, 2025 ukawa mwaka wa kuhamisha watu wote, na matukio ya 2026 yanaingia NERIS tu, enfaiazi mkono wa kwaheri. Bei ni bure, mfumo wenyewe haulipiwi hata senti. Hili neno "bure" tutalirudia huko chini maana lina mkia.

Kujisajili kwanza. Hapa nasema ukweli nilitegemea mateso. Kumbe kazi kubwa sio kuandika matukio, ni kuandika kikosi chenyewe: vituo vyenu viko wapi kwenye ramani, magari gani mnayo, watu wangapi wa kujitolea, wangapi wa mshahara, huduma gani mnatoa. Nilikaa na chifu meza moja Jumamosi nzima. Mzee ana miaka zaidi ya thelathini kwenye hii kazi, kila gari analijua kwa mlio, lakini nilipomuuliza tuna watu wangapi hai kwenye orodha akanyamaza, akaanza kuhesabu kwa vidole, akafika mtu wa tisa akasema huyu alihamia Florida. Akafika wa kumi na nne, huyo alifariki. Tulicheka tukasikitika hapo hapo. Orodha yetu ilikuwa haijaguswa miaka, tumekuwa tukijidanganya tuna jeshi kumbe tuna timu ya mpira na wachezaji wa akiba wawili. Kwa hiyo kabla hata hatujaandika moto mmoja, mfumo ulikuwa umeshatufanyia kazi.

Sasa kuandika tukio. Lile la gari na nguzo, kwenye NERIS unaweka aina mpaka tatu, moja unaitaja kuwa ndiyo kuu. Imeisha. Miaka yote ile nabishana na kapteni tuandike nini, dawa ilikuwa kuruhusu vitu vitatu. Na maneno yameandikwa kwa lugha ya kawaida, unafuata ngazi: moto, halafu wa jengo, halafu wa aina gani. Huhitaji kukariri namba. Wazee wa kituoni wamenuna kidogo, mmoja ameniambia miaka ishirini ya kukariri imekwenda na maji, nikamwambia mzee kwani mashine ya kuandikia taipu uko nayo bado? Akasema anayo.

Kilichonikamata mimi ni sehemu ya hatari mpya. Kabla hatujahamia tuliitwa saa nane usiku, gereji ya nyumba, moshi mweupe mzito unatoka chini ya mlango na harufu ile tamu tamu ya ajabu ambayo ukiinusa mara moja huisahau. Ndani baiskeli ya umeme ilikuwa kwenye chaji, betri ya lithiamu imefyatuka. Tunamwaga maji inazima, tunageuka inawaka tena, inazima, inapiga kama fataki, kipande kimoja kiliruka kikatua karibu na buti langu. Tuliishia kuiburuta kwa ndoana mpaka uani tukaifurikisha. Mwenye nyumba amesimama na kanzu ya kulalia na mtoto begani anauliza si nilinunua mpya? Nikarudi kituoni kuandika, 111 jengo linaungua, sawa, kilichowasha? Nikazunguka kwenye orodha za mwaka 1999, macho yananifunga, mwisho nikachagua kilichokaribia nikaiandika betri kwenye maelezo. Kitaifa pale iliingia gereji moja imeungua. Sasa NERIS inakuuliza waziwazi: kulikuwa na betri? gari la umeme? paneli za sola juu ya paa? Watu wanaotakiwa kuamua kama chaja fulani ipigwe marufuku wanahitaji jibu hilo likiwa limejazwa na vikosi vyote, na sio kuwekwa na mbangaizaji mmoja kwenye aya ya maelezo.

Na wanalipata mapema. Zamani ripoti yangu ilikuwa inapita jimboni kwanza, halafu ndio iende juu, inasafishwa, inakusanywa, mpaka takwimu za nchi nzima zitoke kwa matumizi ya watu mwaka umeshakatika na zaidi. Ni sawa na kuambiwa leo kwamba mwaka juzi jirani yako alikuwa na kipindupindu. NERIS inapokea moja kwa moja, na ikiunganishwa na kompyuta ya wanaopokea simu za 911, namba ya dharura ya huku, basi muda wa simu, muda wa kutoka, muda wa kufika vinajaa vyenyewe. Kwangu mimi mwenye soksi zilizolowa hii ndiyo zawadi kubwa kuliko zote, maana zamani nilikuwa nampigia dada wa zamu kule kwenye simu namuomba anisomee saa, yeye naye ana simu nyingine tatu zinalia.

Niliandika "ikiunganishwa". Haya, ndio mkia wa neno bure.

Vikosi vingi haviandiki moja kwa moja kwenye mfumo wa serikali, vina programu ya kununua kutoka kampuni binafsi, ina ratiba za zamu, ukaguzi wa magari, mafunzo, kila kitu, na ripoti inatoka humo inakwenda juu. Sisi pia tunayo. Kampuni siitaji, wao wanajijua. Kwanza walituambia watakuwa tayari mapema, tulieni. Tukatulia. Wakaja na barua pepe yenye picha ya zimamoto anatabasamu (mwenye kofia safi, hajawahi kuzima hata njiti ya kiberiti yule) kwamba mabadiliko ni makubwa hivyo kuna toleo jipya, na toleo jipya lina bei mpya. Kikosi chetu tunachangisha pesa kwa kuuza kuku wa kuchoma kila mwezi jamani! Chifu akasoma ile ankara akaivua miwani akaifuta akasoma tena. Mwisho kwa muda tukaamua kuandika moja kwa moja kwenye tovuti ya NERIS kwa mkono, matukio yetu sio mengi, inawezekana. Kikosi cha mji mkubwa chenye matukio mia kwa siku hakina huo uchaguzi. Kwa hiyo mtu akikwambia mfumo ni bure mwambie mlango ni bure, nauli ya kufika mlangoni inategemea umepanda na nani.

Tukifika kwenye urefu. Bibi wa bafuni anaandikika haraka sana, na hili ni jambo kubwa kwa sababu huku zaidi ya nusu ya simu za zimamoto ni za wagonjwa sio moto. Lakini ukisema ni moto wa nyumba, fomu inafunguka kama kanga: ulianzia ghorofa gani, chumba gani, mlipofika hali ilikuwaje, moshi tu au miali inatoka, jengo limeharibika kwa kiwango gani, watu wangapi hawana pa kulala, kuna aliyeokolewa, aliokolewaje. Saa tisa usiku hiyo ni kazi. Nikiwa muungwana nitasema kila swali lina maana. Nikiwa na usingizi nitasema mengine mngeyaacha. Kidonda cha zamani hakijapona hapo, kwa sababu mfumo wowote unaompa mtu aliyechoka kitufe cha "haijulikani" utapata haijulikani nyingi, na NERIS kitufe hicho kipo, lazima kiwepo, kuna moto ambao kweli hatujui. Nimejiwekea utaratibu wangu: usiku najaza vile ambavyo vitasahaulika, nani alifanya nini na saa ngapi, nalala, asubuhi namalizia chanzo baada ya kuongea na kapteni. Ripoti za asubuhi ni bora, akili inakuwa imekaa.

Halafu alamu ya moshi. Swali lipo, ilikuwepo au haikuwepo, ililia au haikulia, waliokuwemo walifanya nini iliposikika. Vijana wapya wanaliruka hili kwa sababu tukifika sisi alamu imeshayeyuka darini hakuna cha kuangalia. Waulizeni wenye nyumba! Yule baba wa gereji alituambia alamu ndiyo iliyomwamsha, akambeba mtoto akatoka, asingeamka saa ile moshi ule wa betri ungewakuta kitandani. Kwenye fomu hiyo ni vitufe viwili vitatu. Mimi nisingeviacha.

Maelezo ya kuandika kwa mkono yamegawanywa, kuna ya matokeo na kuna ya vikwazo, yaani kitu gani kiliwazuia. Hii ya vikwazo naipenda kupita kiasi. Theluji imefunika bomba la maji la barabarani, andika. Gari limeegeshwa mbele ya geti, andika. Tulikuwa watu watatu tu kwenye gari kwa sababu ni Jumanne mchana na wengine wote wako kazini, hiyo andika mara mbili. Zamani mambo haya tulikuwa tunayalalamikia jikoni kwenye kahawa na yanaishia hapo, sasa yana mahali pake, na siku chifu akienda kuomba fungu la serikali kuu la kusaidia vikosi, lile linaloitwa AFG, ambalo toka zamani ukipewa lazima uwe unaleta ripoti, ana kitu cha kuwawekea mezani. Ila jamani msiandike jina la mtu humo, wala "mlevi fulani wa nyumba namba fulani". Nimeshafuta za hivyo mbili, za mtu mmoja huyo huyo.

Nimeacha kwa makusudi sehemu ya saa za kazi mpaka mwisho. Kuna ukurasa unaweka muda wa kila hatua: kamanda ameshika eneo, ametathmini, msako wa watu umeanza, maji yamefika kwenye moto, moto umedhibitiwa. Mmeona hapo pa maji? Sasa sisi tuliokulia nyumbani tunajua, moto ukitokea Kariakoo au Gikomba au popote, kabla hata moshi haujaisha wimbo ni mmoja tu: zimamoto wamechelewa, na wamekuja bila maji. Watu wanaapa. Wenyewe zimamoto wanakataa, wanasema tulifika mapema, maji tulikuwa nayo, njia ilizibwa na vibanda. Tangu niko mdogo nasikia ubishi huu na haujawahi kuisha kwa sababu kila upande una kumbukumbu yake na hakuna mwenye saa. Kumbe ni mistari miwili tu. Tulifika saa fulani na dakika fulani, maji yakafika kwenye moto saa fulani na dakika fulani, katikati hapo ndipo penye vibanda au penye tangi tupu, na kikwazo kimeandikwa hapo chini.

Sisemi Zimamoto na Uokoaji wa nyumbani wachukue NERIS, sio yao, imejengwa kwa nyumba za mbao na mabomba ya maji ya barabarani na kaunti. Lakini maswali yenyewe, mpangilio mzima wa nini kinaulizwa na kwa majibu gani, wameuweka wazi GitHub, ule mtandao wa kushirikishana kodi za programu, mtu yeyote wa Dodoma au Nakuru mwenye bando anaweza kuushusha akausoma akachukua kinachomfaa, akatupa swali la theluji akaweka la mtungi wa gesi na la bodaboda.

Marksi zangu: mfumo wenyewe nyota nne. Ile moja nimeikata kwa urefu wa fomu ya moto wa nyumba, na kwa sababu vikosi vidogo viliachwa vipambane na kampuni za programu vyenyewe. Ile kampuni yetu nyota moja na nusu, nusu ni ya kijana wa huduma kwa wateja ambaye siku zote anapokea simu kwa heshima na anaonekana amechoka kuliko mimi. Chifu amesema anatoa tano kwa sababu hahitaji kukumbuka paswedi, ninayo mimi.

Nina rafiki yangu wa shule yuko zimamoto nyumbani, nilimtumia sauti ya dakika saba kumwelezea yote haya, betri, alamu, vikwazo, kila kitu. Akajibu kwa mstari mmoja: "Kaka hapo kwenye saa ya maji kufika, hebu nipigie picha huo ukurasa." Nimempigia.